Mistari Mitatu ya Mwisho

Swali la kumi na nne:
Je, mhojiwa yuko huru kumuuzia mazao yake amtakaye?
Weka alama: ndiyo, hapana, sijui.

Mize Shaame Faki hakusema lolote katika hayo matatu.
Alinyanyua kamba, bado inachuruzika,
akanihesabia: kamba ya kampuni,
taitai za kampuni,
vigingi vyangu, mgongo wangu.
"Ukikopa kamba ya mtu, mwanangu,
mwani unaota na jina lake."

Nikatia alama kwenye hapana.
Kisanduku chenyewe kidogo kuliko ukucha,
na kucha zake yeye zimeliwa na maji.

Nimetumwa kutoka mjini na kurasa kumi na tisa
kupima, ndivyo ilivyoandikwa juu,
athari za sheria na biashara kwa haki za binadamu
katika shehia mbili za Tumbe.
Sentensi hiyo nimeibeba tangu gati ya Malindi,
imenilemea kuliko begi.
Ndani ya fomu wao wanaitwa "wenye haki".
Nilipolisoma neno hilo kwa sauti
Bi Chumu alicheka hata kanga ikamdondoka:
"Wenye nini? Hebu rudia, na wale wa nyuma wasikie."

Mkataba? Upo.
Umebandikwa ghalani, kwa Kiingereza, na mhuri wake.
Wanaoupitia mstari kwa mstari ni mchwa.
Sheria ya vipimo? Ipo pia, nimeisoma mimi,
nzuri, ina vifungu, ina faini.
Mkaguzi huja mara moja kwa mwaka,
na siku akija, mizani huwa Wete kwa fundi.

Ndipo Raya akainuka.
Alitoka kliniki asubuhi ile, kadi ya mtoto mkononi:
kilo saba na nusu,
mwandiko wa nesi, haukufutwa wala kurudiwa.
Hakuniomba ruhusa, wala hakumwomba karani.
Alikwenda hadi kwenye mizani ya ndoana,
akamtia mwanawe ndani ya polo tupu,
akamtundika pale panapotundikwa mwani.
Mtoto akayatazama mapaa ya ghala.
Sindano ikatetemeka, ikapanda, ikasita
kwenye tano na nusu.

Karani alijifanya anatafuta kalamu
iliyokuwa sikioni mwake.

Bi Chumu akauliza, taratibu, kama aulizaye njia:
"Toka kliniki hadi hapa hazizidi hatua mia mbili.
Nani kamla mwanetu kilo mbili?"

Mize alikwisha chutama, anachora mchangani kwa kigingi:
bamvua mbili kila mwezi, miezi kumi na miwili,
miaka sita tangu ghala lifunguliwe.
Alipofika kwenye ada ya Kombo, ile iliyomtoa shule,
akaacha kuchora.
Akafuta kwa unyayo. Akaanza tena, kutoka juu.

Nikafunua kurasa zangu, zote kumi na tisa.
Palikuwa na kisanduku cha jinsia, cha elimu,
cha aina ya sakafu.
Cha mtoto ndani ya polo hapana.
Mwishoni, "Maoni mengine", mistari mitatu.
Nikaandika saba na nusu. Chini yake, tano na nusu.
Mstari wa tatu sikujua niutie nini.

"Soma," akasema Mize.
Nikasoma.
"Ipige mhuri."
Sina mhuri, nikamwambia, mie mwandishi tu.

Akaingia ndani ya ghala, akatoka na kisahani cha wino,
kile wanachochovya dole wakipokea pesa,
akakandamiza dole gumba kwenye mstari wa tatu.
Raya naye. Bi Chumu naye, mara mbili,
la pili la marehemu dada yake.
Madole yakajaa mstari, yakapanda pembeni,
yakageuka nyuma ya karatasi.

"Huo wino wa kampuni," karani akasema.

"Basi uandike," Mize akamjibu,
"kwenye deni langu."